Kupachika harufu kwenye kipokezi cha pua kwa kompyuta: mwongozo kamili kwa mfano wa OR51E2

Pua ya binadamu ina takriban aina 400 za vipokezi vya harufu vinavyofanya kazi. Linda Buck na Richard Axel walitangaza jeni za vipokezi vya harufu mwaka 1991 na wakapata Nobel mwaka 2004, lakini ilibidi kusubiri hadi 2023 ndipo umbo la kipokezi cha harufu cha binadamu likaonekana kwa mara ya kwanza. Kipokezi hicho ni OR51E2, na kilipigwa picha kikiwa kimeshika propionati, asidi fupi yenye ukali wa harufu ya jibini. Faili lake liko wazi kwenye PDB, hazina ya maumbo ya protini, kwa namba 8F76.

Mwongozo huu unakutoa kwenye faili hilo hadi kwenye molekuli iliyopachikwa ndani ya kipokezi (kupachika, kwa Kiingereza docking, ni kutabiri kwa kompyuta jinsi molekuli inavyokaa ndani ya protini), kisha hadi kwenye vipokezi ambavyo bado havina picha. Tunaanza na OR51E2 kwa sababu jibu lake linajulikana. Anayeanza na kipokezi kisichojulikana hupata picha nzuri na namba nzuri, lakini hana pa kujisahihishia.

Vifaa

Laptop yenye RAM ya GB 8 na koa 4 inatosha kwa kazi yote ya kupachika. Kadi ya GPU utaihitaji ukifika kwenye uigaji wa mwendo tu. Tumia Linux, au WSL2 kama uko kwenye Windows. Programu zote ni za bure kwa matumizi ya masomo na utafiti usio wa biashara: UCSF ChimeraX ya kutazama na kusafisha protini, AutoDock Vina ya kupachika, Meeko ya kuandaa mafaili, na Open Babel ya kujenga molekuli.

Sakinisha Miniforge, inayokuletea amri ya `conda`, halafu:

`conda create -n harufu -c conda-forge python=3.10 meeko rdkit openbabel prody gemmi`
`conda activate harufu`

Vina yenyewe ipakue kutoka ukurasa wake wa GitHub ikiwa tayari kutumika, toleo la 1.2.5 au jipya zaidi, uipe ruhusa kwa `chmod +x`. Faili ulilopakua lina jina refu. Libadilishe liwe `vina`.

Hatua ya 1: Kusafisha 8F76

Fungua ChimeraX na uandike kwenye mstari wa amri:

`open 8f76`
`info chains`

Utaona minyororo kadhaa. Kipokezi hakikupigwa picha peke yake. Kilishikiliwa katika hali ya kuamka na protini G iliyofupishwa (protini inayopokea ujumbe wa kipokezi ndani ya seli), pamoja na kingamwili ndogo ya kuimarisha. Hivyo vyote tunaviondoa, ila kabla ya kufuta chochote toa kwanza taarifa ya propionati:

`select ligand`
`measure center sel`

Andika zile namba tatu za x, y na z pembeni. Ndizo kitovu cha kisanduku chako, yaani eneo ambalo Vina itatafuta mikao ndani yake. Hakikisha kilichochaguliwa ni propionati peke yake, maana amri hiyo huchagua kila molekuli ndogo iliyomo. Mkao wa asili wa propionati uupakue kwenye ukurasa wa 8F76 katika muundo wa SDF na uuite `asili.sdf`, kwa sababu SDF hubeba aina za bondi na PDB haizibebi. Utauhitaji hatua ya 4.

Sasa futa. Kama kipokezi ni mnyororo A, amri ni `delete ~/A`, kisha `delete ligand` na `delete solvent`. OR51E2 ina asidi amino 320, kama inavyoonekana UniProt, hazina ya mifuatano ya protini, kwa namba Q9H255. Protini G ile ilishonwa kwenye mkia wa kipokezi, hivyo kagua mfuatano wa mnyororo, na chochote kisicho cha Q9H255 kiondoe.

Halafu `dockprep`. Amri hii hujazia minyororo ya pembeni iliyokatika na kuongeza haidrojeni. Usiiruke. Picha hii ilipatikana kwa hadubini ya elektroni kwa uwazi wa Å 3.1 (angstromu; Å 1 ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), na kwa uwazi huo baadhi ya minyororo ya pembeni haionekani vizuri, hivyo wajenzi wa modeli wakati mwingine huikata. Maji nayo kwa kawaida hayaonekani. Kama kuna tone la maji kati ya propionati na kipokezi, faili lako halitakwambia.

Hifadhi kwa `save kipokezi.pdb`.

Hatua ya 2: Kuandaa kipokezi

`mk_prepare_receptor.py -i kipokezi.pdb -o kipokezi -p -v --box_center X Y Z --box_size 18 18 18`

Weka namba zako mahali pa X Y Z. Kisanduku cha Å 18 kila upande ni kikubwa vya kutosha. Mfuko wenyewe wa OR51E2 ni mdogo ajabu, ujazo wake ni kama Å³ 31, na umefungwa pande zote. Ukitanua kisanduku hadi Å 30, Vina itapoteza muda ikizurura nje ya protini, na ikivuka hapo itakuonya yenyewe.

Meeko ikikataa asidi amino fulani, itakutajia namba yake. Mtandaoni utashauriwa uongeze `-a` ili ipite. Ni kweli itapita, lakini kwa kuiondoa asidi amino hiyo. Ikiwa iko kwenye mkia wa protini, hakuna hasara. Ikiwa iko ukutani mwa mfuko, umetoboa shimo ambalo halipo, na molekuli itaingia humo kwa furaha. Soma namba kwanza.

Hatua ya 3: Kuandaa propionati

Asidi ya propioni ina pKa (pH ambayo nusu ya molekuli zimepoteza protoni) ya 4.87. Kwenye pH ya mwili karibu yote imeshapoteza protoni, kwa hiyo tunajenga propionati yenye chaji hasi:

`obabel -:"CCC(=O)[O-]" --gen3d -O propionati.sdf`
`mk_prepare_ligand.py -i propionati.sdf -o propionati.pdbqt`

Kwa kila molekuli utakayotumia baadaye, jiulize swali hili la pKa kabla ya kugusa kibodi. Dawa na vitu vichungu vingi vina nitrojeni inayobeba protoni mwilini. Ukiipachika bila protoni hiyo, unapachika kitu kingine kabisa.

Hatua ya 4: Kupachika na kukagua

`./vina --receptor kipokezi.pdbqt --ligand propionati.pdbqt --config kipokezi.box.txt --exhaustiveness 32 --num_modes 9 --seed 7 --out matokeo.pdbqt`
`mk_export.py matokeo.pdbqt -s matokeo.sdf`

Kiwango cha kawaida cha `exhaustiveness`, yaani bidii ya utafutaji, ni 8. Kwenye mfuko uliofungwa, 32 inakupa uhakika zaidi kwa sekunde chache za ziada. Rudia mara 3 ukibadilisha `seed`, namba inayoanzisha bahati nasibu ya utafutaji. Mkao wa kwanza ukibadilika kila mara, utafutaji haujatosha.

Sasa linganisha na mkao wa asili:

`obrms asili.sdf matokeo.sdf`

Kila mahali utasoma kwamba RMSD (wastani wa umbali kati ya atomi za mikao miwili) iliyo chini ya Å 2 ni ushindi. Kwa propionati kipimo hicho ni kilegevu mno. Molekuli hii ina atomi nzito (zisizo haidrojeni) 5 tu, urefu wake haufiki Å 4. Inaweza kugeuka kichwa chini miguu juu na bado ikakaribia kupita mtihani wa Å 2. Dai Å 1 hadi 1.5, na pamoja na hilo fungua matokeo ndani ya ChimeraX ukatazame kwa macho: oksijeni mbili za propionati ziwe upande wa arginini 262, umbali wa Å 3.5 au pungufu kutoka nitrojeni zake, na serini 258 iwe jirani. Mkia wa kaboni uelekee upande wa fenilalanini 155 na leusini 158. Arginini 262 ndiyo nanga ya kipokezi hiki. Mkao usioigusa, hata uwe na alama nzuri kiasi gani, tupa.

`obrms` ikilalamika kwamba molekuli hazifanani, mara nyingi ni kwa sababu ile ya PDB imehifadhiwa kama asidi yenye protoni na yako ni propionati. Badilisha moja ifanane na nyingine.

Alama za Vina na mahali zinapodanganya

Hapa ndipo kazi nyingi za vipokezi vya harufu huharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwanza, usishangae alama yako (makadirio ya nguvu ya kushika kwa kcal/mol; hasi zaidi ni bora) ikiwa -3 au karibu na hapo. Vina hujumlisha mchango wa kila atomi, na propionati ina atomi chache. Molekuli za harufu kwa ujumla ni ndogo, hivyo alama za -9 unazoziona kwenye makala za dawa hazikuhusu.

Pili, kosa la kawaida la Vina kwenye data iliyotumika kuiunda lilikuwa 2.85 kcal/mol. Tofauti ya 1.4 kcal/mol ni sawa na mara 10 ya nguvu ya kushika. Maana yake ni kwamba anayepanga harufu 20 kwa mfuatano wa alama zinazotofautiana kwa 0.3, akasema ya kwanza inashika kuliko ya tano, anapanga kelele.

Tatu, na hili wengi hawalijui, Vina haisomi chaji kabisa. Safu ya chaji imo ndani ya faili la PDBQT (muundo wa faili ambao Vina husoma), lakini hesabu ya Vina haiitumii. Inatambua tu kwamba atomi hii inatoa haidrojeni na ile inapokea. Daraja la chumvi (mvutano wa chaji hasi na chanya) kati ya propionati na arginini 262, ambalo ndilo roho ya jambo zima, kwa Vina ni bondi ya haidrojeni kama nyingine yoyote. Ndiyo sababu mkao unaweza kuwa sahihi na alama isiwe na maana. Toleo la 1.2 linakuruhusu kutumia hesabu ya zamani ya AutoDock4 kwa `--scoring ad4`, ambayo inasoma chaji, ila itabidi utengeneze ramani kwa AutoGrid kwanza. Kwa molekuli zenye chaji, fanya zote mbili ulinganishe.

Nne ni ukubwa. Jaribu mwenyewe: andaa asetati `CC(=O)[O-]`, butirati `CCCC(=O)[O-]` na oktanoati `CCCCCCCC(=O)[O-]`, uzipachike vilevile. Maabara zinaonyesha OR51E2 hupenda asetati na propionati, na haipendi asidi ndefu. Vina inaweza kukwambia kinyume, kwa sababu kila kaboni ya ziada huongeza alama mradi kuna pa kuikalisha. Usitazame alama hapa. Tazama kama oksijeni bado zimeshika arginini 262, au kama mkia mrefu umezisukuma nje ya nafasi yake.

Hatua ya 5: Kubadilisha kuta za mfuko

Hili ndilo jaribio zuri kuliko yote kwenye kipokezi hiki, na linachukua dakika kumi. Kwenye maabara, fenilalanini 155 au leusini 158 ikibadilishwa kuwa alanini, ambayo ni ndogo, mfuko hupanuka na kipokezi kinaanza kuitikia asidi ndefu zaidi. Kwenye ChimeraX fungua `kipokezi.pdb` na uandike:

`swapaa /A:158 ala`
`addh`
`save L158A.pdb`

Rudia hatua ya 2 hadi ya 4 kwa asidi zote nne. Unachotarajia ni kwamba oktanoati, ambayo kwenye kipokezi cha asili ilibanwa, sasa inaweza kunyoosha mkia huku kichwa chake kikibaki kwenye arginini. Fanya pia R262A, yaani arginini 262 iwe alanini, kama L158A ilivyokuwa leusini 158 kuwa alanini. Vina inaweza kuipa propionati alama karibu ileile hata bila arginini. Maabara inasema mwitikio unapotea. Ukishaona hilo kwenye skrini yako mwenyewe, hutaiamini alama peke yake tena.

Hatua ya 6: Kipokezi kisicho na picha

Vipokezi vingi vya harufu bado viko hivi. AlphaFold, programu ya akili bandia ya kutabiri maumbo ya protini, imetabiri maumbo yao yote na yanapatikana bure. Kabla ya kuyaamini, ipime AlphaFold kwa kipokezi unachokijua:

`open 8f76`
`alphafold fetch Q9H255`
`matchmaker #2 to #1`
`save af.pdb models #2 relModel #1`

Neno `relModel` ni muhimu. Linahifadhi modeli ya AlphaFold katika mahali pale pale ilipo 8F76, hivyo kitovu cha kisanduku chako cha zamani kinafaa bila kubadilishwa. Ukilisahau, utapachika propionati hewani na Vina haitakuambia kitu.

Kagua pLDDT, ile alama ya uhakika. Juu ya 90 ni nzuri sana, 70 hadi 90 inatumika, chini ya 50 usijenge hoja juu yake. Angalia hasa kitanzi cha pili cha nje, ambacho kwenye vipokezi vya harufu ni kirefu na kinafunika mfuko kama kifuniko cha chungu. Kumbuka pia kwamba pLDDT inapima uhakika wa uti wa protini. Haikwambii kama kipokezi kimelala au kimeamka, wala kama minyororo ya pembeni imeingia ndani ya mfuko na kuuziba. Propionati ikigoma kuingia kwenye modeli ya AlphaFold wakati kwenye 8F76 iliingia vizuri, tafuta mnyororo wa pembeni ulioziba, uruhusu uchezecheze kwa kuongeza `-f A:262` au namba husika kwenye amri ya hatua ya 2, kisha ujaribu tena. Usiruhusu zaidi ya mitatu au minne. Ukilegeza kuta zote, kila kitu kitaingia.

Hatua ya 7: Uigaji wa mwendo

Kupachika ni picha ya mnato. Kujua kama mkao unadumu, ichezeshe protini ndani ya utando. Njia nyepesi ni kujenga mfumo kwenye CHARMM-GUI, sehemu ya Membrane Builder, na kuuendesha kwa programu ya uigaji GROMACS. Elekeza protini ndani ya utando kwa chombo kiitwacho PPM, tumia lipidi za POPC, chumvi ya NaCl 0.15 M na joto la 310 K. Utapata mfumo wa makumi ya maelfu ya atomi, ambao CPU ya laptop itauvuta kwa shida. Hapa ndipo GPU inapohitajika.

Yanayoharibika mara nyingi ni haya. Ukisahau kuweka bondi za salfa kati ya sisteini, kile kitanzi cha pili kitalegea na propionati itatoka, nawe utadhani mkao ulikuwa mbaya. Vigezo vya molekuli vinavyotoka CGenFF, chombo kinachokadiria nguvu za molekuli ndogo, vina alama ya adhabu: chini ya 10 endelea, 10 hadi 50 kagua, juu ya 50 vitengeneze upya. Na kwa kuwa umeondoa protini G, kipokezi kilichoamka kitaanza kurudi usingizini. Kishikilie upande wa ndani ya seli kwa vizuizi vya nafasi kama swali lako linahusu mfuko tu.

Endesha mara 3, kila mara kwa kasi za mwanzo tofauti, nanosekunde 200 au zaidi kila moja, hatua ya muda fs 2. Pima umbali kati ya kaboni ya kaboksilati na kaboni ya mwisho ya arginini 262, ile iitwayo CZ. Ukibaki karibu na Å 4 hadi 4.5 kwa muda mwingi katika marudio yote matatu, nanga imeshika. Ukidumu katika moja na kupotea katika mawili, ripoti hivyo hivyo, na usichapishe lile moja peke yake.

Ukihamia kwenye ladha, au kwenye wadudu

Amri ni zilezile, ila mfuko haupo palepale. Kipokezi cha uchungu TAS2R46 kilipigwa picha mwaka 2022 kikiwa na striknini, ndani ya mfuko mahali unapoutarajia. TAS2R14 kiliwashangaza watu mwaka 2024: mfuko huo ulikuwa umekaliwa na kolesteroli, na vitu vichungu vikakutwa vimeshika upande wa ndani ya seli. Waliokuwa wamepachika kwa miaka kwenye mfuko wa juu pekee walikuwa wanabisha mlango wa jirani. Kwa TAS2R yoyote, weka visanduku viwili, cha juu na cha ndani. Utamu ni habari nyingine tena. Sukralosi hukaa kwenye kile kichwa kikubwa cha TAS1R2 kilicho nje ya seli, mbali na utando.

Kwa anayeshughulika na mbu au wadudu wa mazao, tahadhari ni kubwa zaidi: vipokezi vya harufu vya wadudu havishirikiani na protini G. Ni milango ya ayoni yenye vipande vinne. Kianzio kizuri ni MhOR5, namba 7LID, kilichopigwa picha kikiwa na yujenoli, ile inayoipa karafuu harufu yake. Fanya nacho zoezi lote la hatua ya 1 hadi ya 4 ukiacha vipande vyote vinne mahali pake, na usijaribu kutumia modeli ya OR51E2 kama kiolezo chake.

Unachokipeleka maabara

Usipeleke orodha ya alama. Peleka asidi amino mbili au tatu za kubadilisha na utabiri wa kila moja: hii ikiondolewa mwitikio utakufa, hii ikipunguzwa molekuli ndefu itaingia. OR51E2 hupimwa kwa kuongezeka kwa cAMP, molekuli ya ujumbe wa ndani ya seli, katika seli za HEK293 (seli za figo za binadamu zinazokuzwa maabara), vipokezi vya uchungu kwa kalisi. Omba pia kipimo cha kama kipokezi kilichobadilishwa kinafika kwenye utando wa seli. Vipokezi vya harufu vinajulikana kwa ukaidi wa kukwama ndani, na mwitikio uliokufa kwa sababu kipokezi hakikufika mlangoni hauthibitishi chochote kuhusu mkao wako. Pamoja na matokeo hifadhi toleo la Vina, `seed`, kitovu na ukubwa wa kisanduku, na faili la PDBQT la kipokezi chenyewe, kwa sababu mtu wa pili hawezi kukurudia kwa jina la 8F76 pekee.